Diski Mgongoni mwa Mama Mkwe

Mwanangu, kuna asubuhi moja haijawahi kunitoka kichwani. Bibi yako, mama mzazi wa baba yako, alisimama katikati ya nyumba yetu ya mbao pale mtaa wa Mapendo, hapa Goma, akapiga makofi na kupaza sauti: "Twende! Kila mutu na muzigo yake!" Volkano ilikuwa imetulia. Waasi waliokuwa wakitawala mji nao walikuwa wametulia, pengine wanakunywa chai. Hakukuwa na lolote. Mama mkwe alikuwa anatupima tu.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo jana, uliponionyesha kwenye simu ile kompyuta unayotaka kununua, yenye taa za rangi na skrini pana kama mlango wa jikoni, pamoja na antena ya intaneti ya kufunga juu ya bati. Ulisema unataka kubadilisha vyote kwa mara moja, maana hii mashine yako ya sasa inakuaibisha mbele ya wateja. Baba yako alikohoa akatoka nje kulisha kuku. Alijua ninachofikiria, kwa sababu aibu ya hadithi hii ni yake, na ameisikia mara nyingi kuliko mahubiri ya padri. Kaa basi hapa karibu nami, na usitazame simu.

Wakati huo tulikuwa tumeoana na hatujapata mtoto. Baba yako alikuwa mwalimu, na wewe unajua walimu wetu wanalipwa vipi: kwa shukrani. Kilichotulisha ni kompyuta moja nzee ya mezani. Wanafunzi wa vyuo waliniletea memwari zao, yaani vile vitabu vya kumalizia masomo, zimeandikwa kwa mkono, mimi nikazichapa. Mashine ilikuwa inaguna ikiwashwa, na kifuniko chake hatukukifunga kwa skrubu kwa sababu ya joto. Intaneti tuliipata kwa jirani yetu, Papa Deo, mwenye duka la intaneti. Alivuta waya kutoka dukani kwake, ukapita juu ya mabati ya watu, ukaingia dirishani kwetu. Ungeweza kutuma barua pepe, ukaweka maharage motoni, yakaiva, ukarudi ukaikuta barua bado inajikokota. Lakini tulijivuna. Mtaa mzima ulijua kwamba kwetu kuna intaneti.

Bibi yako alitoka Butembo kuja kututembelea. Barabara ilikuwa imekatwa na wenye bunduki, kwa hiyo alikuja na ndege ndogo ya mizigo, amekaa juu ya magunia ya maharage. Aliposhuka hakulalamika hata kidogo. Alinitazama tumbo, akatazama pembeni, akauliza: "Mujukuu yangu eko wapi?" Baba yako, kwa kutaka kuchekesha, akamwonyesha kompyuta. Bibi akaizunguka, akaigusa, akasema: "Huyu anakulaka umeme tu. Hata bugali haombake."

Huyo mama alikuwa amekimbia vita tangu utoto wake, na alikuwa na sheria yake. Kitu chochote kinachoingia nyumbani lazima ajulikane atakayekibeba siku ya kukimbia. Ukinunua sufuria, anakuinulisha. Ukinunua kiti, anakutembeza nacho mpaka barabarani na kurudi. Kisichobebeka alikiita cha wezi, maana wao ndio watakaobaki nacho. Majirani walitucheka sana. Tulikuwa watu pekee wa Mapendo waliotoka mbio asubuhi, mmoja na godoro na mwingine na ndoo, halafu tukarudi ndani kunywa chai.

Usidhani alikuwa na hekima ya kila kitu. Kuhusu kompyuta alikuwa hatari kuliko panya. Aliona mashine haina nguo, akaogopa isije ikapata baridi ya Goma, akaifunika blanketi wakati inafanya kazi. Ikapata homa kweli, ikazima, tukaipepea na sahani. Na ule waya wa intaneti, kwa kuwa ulipita vizuri juani, aliufanya kamba ya kuanikia nguo. Mimi nalaumu mtandao, baba yako anamlaumu Papa Deo, Papa Deo anaulaumu mlingoti wake, kumbe ni mashuka. Nguo zikikauka, barua zinapita. Tulipomweleza, alishangaa: "Sasa hiyo intaneti yenu, inashindwa na kaptula?"

Basi ikafika siku shirika moja la wazungu pale Himbi likawa linafunga kazi zake na kuuza vyombo vya ofisi. Mtu wa kipato chetu hakuwa na nafasi nyingine ya kupata kitu kizuri kama hiyo. Mimi nilijua tunachohitaji: diski mpya, kwa sababu ya kwetu ilikuwa imejaa na inakwaruza, na kitu cha kuilinda mashine umeme unapopanda na kushuka. Baba yako naye aliingia kwenye ile bohari akaona skrini. Mwanangu, skrini za wakati huo hazikuwa hizi nyembamba. Zilikuwa na kisogo. Ile ilikuwa na kisogo cha nyati, na wawili walihitajika kuisogeza. Nikamwambia hatuihitaji. Akasema: "Mama, muteja anaona nini? Anaona ekra. Hawezi kuona diski." Tulibishana mbele ya mzungu mpaka akatuonea huruma. Mwishoni tukatoka na vyote viwili, diski ndogo kwenye mkoba wangu na skrini ile juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Chukudu ilipoteremka kwenye mawe ya Himbi, baba yako alikuwa anakimbia kando yake ameishika kama anayemsindikiza askofu. Pesa ikawa imekwisha, na cha kulinda mashine hatukukipata tena.

Kesho yake bibi yako akapiga makofi. Twende! Nilichukua godoro. Baba yako akaikumbatia skrini, akainyanyua mpaka kifuani, shingo ikamtoka mishipa, akafika barabarani akitembea kama bata. Bibi akamfuata polepole.

"Kambale, hii njo nini?"

"Ekra mupya, Mama."

"Kazi ya muke yako inalalaka mule ndani?"

Baba yako, mwalimu, akaipigapiga ile skrini mgongoni. "Sasa si humu? Bintu yote unaionaka humu."

Nilicheka mpaka godoro likaniponyoka. Tuliporudi ndani nikafungua kifuniko cha kompyuta nikamwonyesha mama mkwe ile diski mpya, kisanduku cha chuma kinachotosha kiganjani.

"Inalalaka mu hii, Mama."

"Kadogo vile?" Akainama akakitazama kwa muda. "Na ile kubwa, ni ya nini?"

"Ni ya kuonea tu."

"Basi ni dirisha." Akamgeukia mwanawe. "Mutu anakimbiaka na dirisha?"

Baba yako alinuna siku nzima. Sikiliza, anakohoa tena huko nje.

Sasa nikwambie habari ya Riziki. Alikuwa msichana wa Kalengera, barabara ya Rutshuru, anasomea uuguzi. Memwari yake alikuwa amebakiza kuichapisha na kuitetea mbele ya walimu tu. Alipoleta karatasi zake aliniomba jambo moja, niichape dedikasi kwa uangalifu, ule ukurasa wa mbele ambapo mtu anataja jina la aliyemsomesha. Aliandika jina la mama yake. Mama huyo alikuwa amekufa vita vilipopita kwao, akazikwa haraka kando ya njia, na waliorudi baadaye hawakupaona tena mahali penyewe. Riziki aliniambia: "Mama, jina yake haiko fasi ingine. Kwa kaburi haiko, kwa karatasi haiko. Iko tu hapa." Maneno hayo yaliniingia. Niliichapa memwari ile taratibu, kama mtu anayebeba mayai.

Nikamaliza. Nikataka kuituma kwa barua pepe ili ikae mahali pengine pia, maana disketi zangu zote zilikuwa zimekufa kwa vumbi. Nikabonyeza, kimya. Nikatoka nje. Juu ya waya wetu zilikuwa zinaning'inia suruali mbili za jinzi za baba yako na blanketi la sufu, vyote vinachuruzika maji, na waya ulikuwa umechomoka kabisa kule kwa Papa Deo. Nilimwita mama mkwe kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuitumia. Alizishusha zile suruali. Papa Deo akapanda juu ya bati na koleo yake kuuunga waya.

Alikuwa bado juu huko nchi ilipotikisika. Halafu ikatikisika tena. Tulipotazama upande wa mlima, moshi ulikuwa umesimama mahali ambapo haujawahi kusimama, na watu wa mitaa ya juu walikuwa wanateremka mbio na watoto na mbuzi. Papa Deo aliruka kutoka juu ya bati. Harufu ya moto ikaanza kufika. Safari hii mama mkwe hakupiga makofi wala hakupaza sauti. Alisimama mlangoni akasema polepole: "Twende."

Nilichukua godoro na sufuria ya maharage yasiyoiva. Halafu nikakumbuka Riziki, nikarudi ndani. Nikataka kuinyanyua kompyuta, sanduku zima, ikagoma, nyaya zake zimejifunga mezani kama mizizi. Mama mkwe akanishika mkono.

"Ile kadogo. Kang'ole."

Nikaichomoa diski. Akainyakua, akaizungushia kitambaa cha flaneli, akaitupa mgongoni, akafunga kitenge chake cha bluu chenye ndege wa njano, akakaza fundo kifuani. Karatasi za Riziki zilibaki juu ya meza, nami nikaja kuzikumbuka tumeshafika mbali. Na baba yako? Baba yako tulimkuta barabarani, viatu vya aina mbili, amejitwisha ile skrini kichwani.

Mji mzima ulikuwa unakwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Majivu yalikuwa yanaanguka juu yetu, watoto wanalia, watu wanaitana majina. Nilikuwa na hofu ambayo sitaki wewe uijue. Na katikati ya hofu ile, vijana wawili wakampita baba yako, mmoja akamwuliza: "Papa, mechi iko ngapi?" Akawajibu kwa heshima kwamba si televisheni, ni ekra ya kompyuta. Mwingine akamwuliza vilevile. Na mwingine tena. Tulipokaribia mpaka alikuwa amechoka kueleza, akawa anajibu tu: "Droo."

Upande wa pili, akina mama wa Gisenyi walikuwa wamesimama kando ya njia na ndoo za uji, wanawapa kwanza wenye watoto wachanga. Mungu awakumbuke. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti ya huruma, akamwona bibi yako na kitenge chake.

"Mama, leta mutoto anywe."

"Aksanti. Huyu hakunywake."

"Hata maji kidogo?"

Bibi yako akaruka nyuma. "Maji? Itamuua!"

Yule mama akaingiwa na wasiwasi. Akasogea, akapitisha mkono juu ya kitenge, taratibu, kama mama anavyompapasa mtoto wa mwenzake. Akakuta kitu kigumu, kimelala tuli. Akapiga kelele: "Yesu wangu! Mutoto amekauka!"

Mwanangu, wanawake wote waliokuwa pale walianza kulia. Ndoo zikawekwa chini. Mmoja akajifunga kanga kichwani kama wa msiba, na katekista aliyekuwa anapita akavua kofia akaanza sala ya marehemu. Mimi nilitaka kueleza lakini nina sufuria na godoro, na hakuna aliyenitazama. Bibi yako alizungukwa, anapigwa mabega, anaambiwa avumilie. Akavumilia kidogo, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Muache kulia! Haiko mutoto!"

Akafungua fundo, akaishika diski juu watu waione.

"Nilikuja tokea Butembo kuona mujukuu. Hii njo mujukuu walinipatia! Na baba yake njo yule kule, alikimbia na dirisha!"

Wakamtazama baba yako, amesimama na skrini kichwani, majivu nyusi nzima. Aliyeanza kucheka ni yule katekista. Kisha wote. Tulicheka pale njiani, watu ambao hatukujua kama nyumba zetu bado zipo, tukacheka mpaka tukalia kweli. Yule mama mnene alinipa uji mimi badala ya mtoto, akaniwekea mkono tumboni, akasema: "Mungu akupatie mwenye kulia."

Nyumba yetu iliondoka. Moto wa mlima ulipita juu yake, na ile kompyuta nzee iko hadi leo chini ya jiwe jeusi, watu wamejenga juu yake wala hawajui. Karatasi za Riziki zilikwenda pamoja na meza.

Tulikuwa tumelala kwenye uwanja wa shule moja Gisenyi Riziki alipotupata. Na hapa lazima nimtendee baba yako haki, maana ananisikia. Msichana alikuwa amezunguka kambi zote akitaja majina yetu, hakuna aliyetufahamu. Alipouliza kama wamemwona papa aliyebeba televisheni, kila mtu alinyoosha kidole upande wetu. Mpaka leo baba yako anadai kwamba hiyo ndiyo sababu aliibeba.

Riziki hakuuliza kama tuko wazima. Aliuliza: "Iko?" Mimi nilikuwa naogopa kumjibu. Diski ilikuwa imetingishwa njia nzima, na hakuna aliyejua kama bado inaweza kusema. Tukaenda kwa fundi mmoja karibu na soko, akaifunga kwenye mashine yake, akawasha. Ikaguna. Ikanyamaza. Riziki alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Halafu majina ya mafaili yakaanza kujitokeza, moja baada ya jingine, na la kwake likiwemo. Fundi akalifungua. Ukurasa wa mbele ukaja.

Mama mkwe hakujua kusoma. Alimwona msichana ameweka kidole juu ya kioo na machozi yanamtiririka, akauliza: "Banaandika nini?"

Riziki akamsomea: "Kwa mama yangu Nyiramahoro, wa Kalengera."

Bibi yako akaushika ule mwisho wa kitenge chake, akapangusa uso. "Kumbe," akasema, "nilikuwa nabeba mutu."

Riziki aliitetea memwari yake baadaye, mji ulipoanza kurudi, na leo ni muuguzi. Bibi yako alirudi Butembo na ndege ileile ya maharage. Na mwaka uliofuata, mwanangu, akaja mwenye kulia. Ulilia hasa. Mtaa mzima tuliohamia ulikufahamu kwa sauti.

Basi nisikilize. Sikukatazi kununua. Mashine inayoguna inamaliza moyo, nami nimeishi nayo. Ninachokuambia, ukishika pesa yako kidogo, kabla ya chochote uliza swali la bibi yako: kazi yangu inalala wapi? Anzia hapo. Hiyo kompyuta unayoionea aibu ni ya kubeba, inaingia kwenye mkoba. Itie diski ya kisasa, ile isiyozunguka, na uiongezee kumbukumbu yake ya ndani, fundi wa mtaani atakufanyia ukiwa umekaa, na utashangaa itakavyokimbia. Ununue na diski nyingine ya nje ya kunakili kazi za wateja, na nakala nyingine ikae mbali na nyumba hii, huko kwenye intaneti au kwa shangazi yako Butembo. Halafu umeme. Wewe umeuona mji huu ulipochukuliwa tena na waasi, taa zikazima na maji yakakatika. Nunua betri ya kutosha kumaliza kazi uliyoianza, na kile cha kulinda mashine ambacho mimi nilikikosa Himbi kwa ajili ya kisogo cha nyati. Intaneti isitegemee njia moja. Badala ya ile antena kubwa, pata kisanduku kidogo cha intaneti chenye betri yake, uwe na kadi za simu za kampuni mbili, moja ikilala nyingine iamke. Na chochote kinachopita juu ya bati, mwambie kila anayefua nguo hapa nyumbani, nami nikiwemo, kwamba si kamba. Skrini pana iwe ya mwisho kabisa, siku ambayo vyote hivyo vipo na pesa bado inacheka mfukoni. Siku hiyo uinunue kwa furaha, taa za rangi na zote. Lakini uiinue kwanza mbele yangu mpaka barabarani, na tukikimbia uiache bila kugeuka nyuma. Dirisha unaweza kulipata kwingine.

Fungua lile sanduku chini ya kitanda changu. Umeona? Ni kile kitenge chenyewe, bluu, ndege wa njano wamefifia kidogo. Kilibeba diski, kisha kikakubeba wewe. Bibi yako aliniachia akisema nikipe mtu atakayejua cha kufunga ndani yake. Chukua, ni chako.

Mungu akujalie kazi isiyopotea na wateja wanaolipa. Akujalie mlima uliolala na bunduki zilizonyamaza, uzeeke bila kusikia mtu akisema "twende" kwa sauti ya chini. Na ikija siku hiyo, akupe mgongo wenye nguvu na akili ya kuchagua. Kisha, wakati wake ukifika, akupatie na wewe mwenye kulia.